Kwa Nini Mtoto Anaanza Kuvuta Bangi?

Katika ukurasa huu huwa tunazungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Safari hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini, wakati wenzao wamekwisha kuondoka kwenye benchi: "Sista, mwanangu anavuta bangi. Ni nani aliyemfundisha?"

Mara nyingi mzazi anayeuliza hivyo ana jibu lake tayari. Atataja mtoto wa jirani, au vijana wa bodaboda, au mgeni aliyeshuka kwenye lori. Sikatai. Hakuna mtoto aliyezaliwa anajua kusokota bangi, lazima alionyeshwa na mtu. Lakini baada ya miaka mingi ya kuvaa gauni hili jeupe nimejifunza kwamba swali hilo halitufikishi mbali. Mfundishaji yupo kila mahali. Yupo Chumbi, yupo Ikwiriri, yupo Dar es Salaam, na wala hatakwisha. Swali linalofaa ni jingine: mtoto wako alikuwa na nafasi gani ya kukaa na mfundishaji huyo kila jioni, miezi mitatu mfululizo, pasipo mtu yeyote kuuliza yuko wapi?

Niwaeleze habari ya kijana mmoja. Jina lake silitaji, wala kijiji chake. Aliletwa kwetu akiwa na umri wa miaka 16, amefungwa kamba ya katani mikononi, juu ya bodaboda, katikati ya dereva na mjomba wake. Kwa siku nyingi alikuwa halali. Alisema redio ya jirani inamtaja jina, na kwamba bibi yake anataka kumtilia kitu katika uji. Nyumbani walidhani ni majini, wakamzungusha kwa waganga wawili kwa muda wa majuma matano. Tulipomfungua ile kamba mikono ilikuwa na vidonda. Alipotulia, baada ya siku kadhaa za dawa na usingizi, nilimwuliza alianza lini kuvuta. Akasema darasa la sita. Nikamwuliza, "Jioni ukirudi nyumbani, nani alikuwa anakungoja?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Wakati wa mpunga?" akasema. "Hakuna mtu, Sista. Wote wako dungu."

Wanaoishi ng'ambo na ng'ambo ya mto Rufiji wanalielewa jibu hilo bila maelezo. Kwa ajili ya wasomaji wetu wa mbali, niseme kidogo. Mashamba ya mpunga yako bondeni, mahali ambapo mto hufurika na kuacha udongo mzuri, na nyumba nyingi na shule ziko juu, kwenye ardhi kavu. Mpunga unapoanza kuzaa lazima uamiwe: mchana ndege na ngedere, usiku nguruwe pori na viboko. Kwa hiyo wazazi huhamia shambani, wakalala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, kwa majuma na pengine miezi. Mtoto mdogo wa kubebwa huenda na mama. Mtoto wa shule hubaki kijijini ili asikose masomo. Anaachiwa unga, dagaa, chumvi na ndugu zake wadogo. Jirani anaombwa "atupie jicho".

Wazazi hawafanyi hivyo kwa kutojali. Wanafanya hivyo kwa sababu bila mpunga hakuna chakula, na bila shule hakuna maisha ya kesho. Mzazi amewekwa mahali pa kuchagua kati ya tumbo la mtoto na ulinzi wa mtoto. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba mtoto wa miaka 12 au 13 anayejipikia, anayejiamsha, na anayelala nyumba isiyo na mtu mzima, ndiye anayetafutwa kwanza na wavutaji. Nyumba yake inakuwa kijiwe. Wakubwa wanakuja na redio na sukari, wanamsaidia kuchota maji, wanamwita mdogo wetu. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, yupo mtu anayemwuliza amekula nini. Huyo ndiye atakayempa msokoto.

Kijana wangu wa kamba aliniambia kwamba mara ya kwanza hakuipenda. Alikohoa, akatapika. Alirudia kwa sababu hakutaka wale wenzake wasirudi tena.

Tuseme basi mtoto amefaulu darasa la saba. Hapo kuna hatari ya pili ambayo wazazi wengi hawaioni. Mtihani unafanyika Septemba, na kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati kuna miezi ya kukaa bure. Ambaye hakuchaguliwa, kwake miezi hiyo haina mwisho. Wavulana huingia kwenye uchomaji mkaa, kupakia mbao, kuvuna ufuta wa watu, au kukaa pembeni ya barabara ya Kilwa wakisubiri magari ya kupakua. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na wasafiri wakaachana na kile kivuko cha Ndundu, barabara yetu hailali. Imeleta soko na mambo mengi mema, nami mwenyewe nimekwisha kuwavusha wagonjwa wengi wa uzazi kwa daraja hilo. Lakini imeleta pia fedha ya papo kwa papo mfukoni mwa mtoto ambaye hajui bado afanye nini na fedha.

Kazi hizo ni nzito mno kwa mwili wa mtoto. Ndipo anapoambiwa kwamba jani linaleta nguvu. Nimewauliza vijana wengi na wengi hunijibu hivyo: "Sista, ukivuta husikii mzigo." Husikii, kweli. Bangi haiongezi nguvu hata kidogo. Inamfanya mtu asitambue uchovu wake wala kupita kwa muda, na ndiyo maana tunashona mikono iliyokatwa na mapanga, na miguu iliyovunjika kwa pikipiki. Wanafunzi nao huambiwa kwamba inafungua akili. Hapo uongo ni mkubwa zaidi, kwa maana kitu cha kwanza kinachoguswa na moshi huo ni kumbukumbu. Mwanafunzi anasoma ukurasa mmoja, anajiona ameelewa yote, na asubuhi hakumbuki hata kichwa cha habari.

Hatari ya tatu ni geto. Shule za kata zimewasogezea wengi elimu ya sekondari, lakini kwa wengine bado ziko kilometa nyingi. Kwa hiyo mzazi humpangia mtoto chumba karibu na shule. Watoto watatu wanne katika chumba kimoja, mwenye nyumba anataka kodi yake tu. Ni dungu tena, isipokuwa safari hii aliyehama ni mtoto. Nimesikia wazazi wakijisifu kwamba mtoto wao "anajitegemea". Mtoto wa miaka 14 hajitegemei. Ameachwa.

Kwa wasichana jambo hili linafichika zaidi. Hawakai kijiweni, kwa hiyo hatuwaoni. Mara nyingi msichana hupewa na mwanamume aliyemzidi umri, chumbani, pamoja na soda na simu. Aidha, siku hizi bangi haivutwi tu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kuwatahadharisha wananchi juu ya biskuti na keki zilizochanganywa na bangi. Iliyo katika chakula huchelewa kufanya kazi, pengine saa nzima au zaidi. Mtoto anakula kipande, anaona kimya, anakula cha pili na cha tatu, halafu yote yanamjia kwa pamoja: moyo unakwenda mbio, anaogopa kufa, anaona mambo yasiyokuwapo.

Na sisi wakubwa je? Mtoto anayetumwa dukani kumnunulia baba sigara, anayemwona kaka yake akisokota nyuma ya jiko na hakuna anayesema neno, amekwisha kufundishwa kwamba moshi ni jambo la kiume. Wapo pia wanaowatumia watoto kubeba mifuko. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, mtu mzima akipatikana na hatia ya kusafirisha bangi anaweza kufungwa miaka 30. Yeye anajua hivyo. Mtoto anayepewa shilingi elfu mbili apeleke kifurushi ng'ambo hajui.

BABU ZETU WALIVUTA, MBONA HAWAKUPATA WAZIMU?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja Chumbi tulipokwenda kutoa huduma ya mkoba, mbele ya akina mama waliokuwa wamepanga foleni ya chanjo. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini ni swali la haki.

Ni kweli bangi si ngeni kwetu. Hata jina lake lilivuka bahari ya Hindi zamani za majahazi, na sehemu nyingi za Afrika wazee waliivuta katika kiko cha maji. Lakini zipo tofauti mbili. Ya kwanza ni nguvu yake. Kemikali inayolevya katika bangi huitwa kwa kifupi THC. Huko Marekani, ambako bangi inayokamatwa hupimwa, mwaka 1995 kiasi chake kilikuwa wastani wa asilimia 4. Mwaka 2014 kilikuwa kimefikia asilimia 12. Wakulima wamekuwa wakichagua mbegu kali zaidi na zaidi. Ile inayoitwa skanka, ambayo imekwisha kukamatwa hapa nchini, ni ya namna hiyo.

Tofauti ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni umri. Mzee aliyevuta kiko akiwa na wajukuu alikuwa na ubongo uliokwisha kukomaa. Ubongo wa binadamu huendelea kujengwa hadi kiasi cha miaka 25, na sehemu inayochelewa kumalizika ni ile ya mbele, inayotuwezesha kupima jambo na kujizuia. Kumpa mtoto wa miaka 14 bangi ni sawa na kumwaga maji juu ya tofali ambazo hazijachomwa.

Mwaka 1987 wataalamu wa Sweden walitangaza matokeo ya kuwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, kwa muda wa miaka 15. Wale waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia, ule ugonjwa mkubwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu, mara 6 zaidi kuliko wasiovuta. Baadaye, huko New Zealand, kundi la watoto wa mji wa Dunedin lilifuatiliwa tangu kuzaliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba katika kila watoto 10 waliokuwa wamekwisha kuvuta walipofika miaka 15, mmoja alikuwa na dalili za ugonjwa wa namna hiyo alipofika miaka 26. Kwa wasiovuta ilikuwa kama 3 katika 100.

Soma tena hesabu hiyo kwa uangalifu. Haisemi kwamba kila mvutaji atapata wazimu. Tisa kati ya kumi hawakupata. Ndiyo maana yule mzee aliona wenzake wazima, na ndiyo maana kijana wako atakuonyesha rafiki zake wanaovuta na wanaokwenda shule kama kawaida. Lakini hakuna awezaye kujua mapema ni mtoto yupi atakuwa yule wa kumi, isipokuwa tunajua kwamba hatari huongezeka katika ukoo ambao umekwisha kuwa na mgonjwa wa akili. Ukoo kama huo usiwafiche watoto habari hiyo. Mwambie mwanao waziwazi: "Shangazi yako aliugua hivi, kwako wewe bangi ni sumu kuliko kwa wenzako."

Uzoefu wa kutegemea bangi nao hufuata umri. Katika watu 10 wanaoijaribu, kiasi cha mmoja hushindwa kuiacha. Walioanza utotoni, ni kama mmoja katika 6.

Vijana nao wana hoja yao: "Sista, mbona Kanada wameruhusu?" Ndiyo, waliruhusu mwaka 2018. Lakini sheria yao hiyo hiyo inakataza kumwuzia mwenye umri chini ya miaka 18, na katika majimbo ya Marekani yaliyoruhusu mtu kuvuta kwa starehe ni lazima awe na miaka 21. Hata walioruhusu hawakumruhusu mtoto.

UKIMGUNDUA, USIMFUKUZE

Dalili mtazisikia kila mahali: macho mekundu, njaa ya ghafla usiku, harufu kwenye shati, kucheka ovyo, na ile chupa ya dawa ya macho iliyofichwa. Mimi huangalia zaidi mabadiliko ya polepole. Mtoto aliyependa mpira ameacha mpira. Rafiki zake wa zamani hawaji tena. Anaomba fedha ndogondogo, au kuku anapungua bandani. Dalili moja peke yake isikufanye umshitaki. Macho mekundu huletwa hata na moshi wa kuni.

Sasa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya akina baba. Kipigo hakitoi bangi katika mwili wa mtoto. Nimeona mgongo wa mtoto uliochanika kwa fimbo, na jioni ile ile alikuwa kijiweni, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo hakupigwa. Kadhalika kumwambia "toka nyumbani kwangu" ni kumkabidhi kwa wale waliokuwa wanamtaka. Huyu kijana wa kamba alipokuwa kidato cha pili alikamatwa na msokoto, akasimamishwa masomo majuma mawili. Baba akamfukuza kwa hasira. Majuma hayo mawili, kwa maneno yake mwenyewe, alivuta kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Nami siwaambii haya kama mtu asiyekosea. Miaka ya nyuma aliletwa kwangu msichana wa kidato cha tatu na mama yake. Nilikuwa nimechoka, foleni ilikuwa ndefu, nikamgombeza mbele ya watu. Nilimwambia anamwaibisha mama yake. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo kijana anayekuja kwa habari hii namwingiza ndani, nafunga mlango, na mzazi anangoja nje kwa dakika kumi.

Hakuna kidonge wala sindano ya kumwachisha mtu bangi. Ile dawa ya methadoni inayotolewa katika hospitali kama Muhimbili ni kwa waliozoea heroini, si kwa bangi, kwa hiyo msidanganywe na mtu anayeuza chupa ya "kusafisha damu". Anayeacha baada ya kuvuta kila siku atakuwa mkali, atakosa usingizi, atakosa hamu ya chakula, na ataota ndoto mbaya. Hali hiyo huwa nzito juma la kwanza, na kwa wengi hupungua sana baada ya majuma mawili. Mzazi akijua hivyo hatashtuka. Katika siku hizo asiachwe peke yake, apewe maji na chakula kidogokidogo, na awe na kazi ya mikono ya kufanya pamoja na mtu mzima. Nasema pamoja. Kumtuma peke yake akachunge mbuzi porini hakusaidii.

Akianza kusikia sauti, kushuku kwamba watu wa nyumbani wanataka kumwua, kukesha usiku kucha kwa siku kadhaa, au kusema anataka kufa, hapo msingoje. Mleteni kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Rufiji tunayo hospitali ya wilaya Utete, na wagonjwa walioshindikana hupelekwa Muhimbili. Kadiri mgonjwa wa namna hii anavyocheleweshwa ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Majuma matano kwa waganga ni mengi mno. Mnaotaka kumwombea, mwombeeni wodini. Anayetaka ushauri bila kujulikana anaweza kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, na halipi kitu.

Juu ya yale madungu, sina dawa ya kuandika kwenye cheti. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi ya bonde, na baada ya hasara kama ile siwezi kumwambia mama yeyote asiende kulinda mpunga wake. Lakini nimeona kaya tatu Chumbi zilizopatana vizuri. Wanawake watatu wanapokezana: wawili wanalala bondeni, mmoja anabaki kijijini na watoto wote, wanakula chungu kimoja, na giza likiingia anawahesabu. Mwenye zamu ya kubaki hapungukiwi, kwani wenzake wanamwamia sehemu yake. Si kila mtu ana majirani wa kupatana nao hivyo, najua. Basi hata bibi mmoja anayehamia kwenye nyumba yenye watoto wakati wa mpunga ni ulinzi mkubwa kuliko semina zangu zote.

Yule kijana yupo. Hakurudi shule, lakini anajifunza ufundi baiskeli na pikipiki kwa fundi mmoja asiyevuta, na kila mwezi anakuja kuchukua vidonge vyake. Mara mbili amewahi kurudia kuvuta, na mara zote mbili alikuja kutuambia mwenyewe. Msimu uliopita mama yake hakulala dungu. Alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi kabla ya jua kuzama, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Walipokuja kliniki nilimwuliza mpunga umekuwaje. Akasema nguruwe wamekula karibu nusu, akapokea dawa za mwanawe, akazifunga kwenye pindo la khanga, wakatoka kwenda kungojea gari.